MKUTANO NI WA WANACHAMA, SI WA MWENYEKITI

Ndugu Wanachama wa Unguja na Pemba,

Mlowo ni mji wa barabarani katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, baina ya Mbeya na Tunduma. Reli ya TAZARA yapita hapo, malori ya kwenda Zambia yapita hapo, na wakulima wa kahawa na mahindi kutoka vijiji vya Mbozi huteremka hapo kwa biashara zao. Wengi wetu hatujapata kuuona mji huo kwa macho yetu. Walakini jambo lililotokea katika mkoa ule tarehe 22 Novemba 2024 latuhusu sisi watu wa visiwa kama linavyowahusu wenyeji wake. Siku hiyo, zikiwa zimebaki siku tano tu kufikia uchaguzi wa Serikali za Mitaa, Mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Bwana Freeman Mbowe, alikamatwa na polisi pamoja na wenzake wakiwa katika shughuli za kampeni. Sababu iliyotolewa na polisi ni kwamba mikutano ilikuwa ikifanywa kinyume cha ratiba.

Tunawaomba mlitazame vizuri neno hilo, ratiba. Tuliambiwa kwamba ratiba ya mikutano ni kitu kitukufu, na kwamba mwenye kuivunja astahili kupandishwa gari la polisi. Haya, na tuikubali hoja hiyo kwa muda mdogo, tuifuate mpaka mwisho wake. Ikiwa ratiba yamfunga mwananchi, je, haimfungi kiongozi? Ikiwa mwanachama hana ruhusa ya kufanya mkutano usiokuwemo katika ratiba, mwenyekiti apata wapi ruhusa ya kuufuta mkutano uliomo?

Jawabu letu ni hili, nalo twalisema bila ya kuficha. Kiongozi wa chama, kiwe chama cha siasa, cha ushirika, cha mpira au cha kuzikana, hana haki ya kuufuta kwa amri yake mkutano uliokwisha kutangazwa kwa mujibu wa katiba ya chama hicho. Penye dharura ya kweli aweza kuusogeza mbele, ikiwa katiba imempa uwezo huo, kwa sababu anayoitaja hadharani na kwa tarehe nyingine anayoitaja papo hapo. Kupita hapo ni kunyang'anya mali ya watu.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tunayasema haya katika gazeti la chama cha upinzani, hali adui yetu yuko nje. Tunayasema kwa sababu mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tarehe 7 Juni 2016 polisi walipiga marufuku mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, na katazo hilo halikuondolewa mpaka tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba vyama vina ruhusa tena. Kwa muda wa miaka sita na zaidi sisi tulilia, na kilio chetu kilikuwa cha haki. Tulikumbusha kwamba tangu mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira alikwisha kuamua kwamba raia hahitaji kibali cha dola ili akutane na raia mwenzake. Tulisema kwamba kukutana ni haki na si hisani. Maneno hayo yalikuwa mazuri, nayo ni mazuri mpaka leo.

Lakini tumtazame mwanachama wa tawi. Tangazo la mkutano limebandikwa ubaoni wiki mbili kabla: Jumapili, saa nne asubuhi, hesabu za tawi na uchaguzi wa wajumbe. Mvuvi ameacha kwenda baharini siku hiyo. Mama amefunga genge lake. Mwalimu ameomba ruhusa. Ijumaa usiku, baada ya sala ya isha, yaja habari kwa simu kwamba mkutano haupo. Hapana sababu iliyotajwa. Hapana siku nyingine iliyotajwa. Akiuliza, aambiwa, "Mwenyekiti ameamua." Polisi akitufutia mkutano twapiga kelele mpaka Geneva, mwenyekiti wetu akitufutia twainamisha vichwa na kurudi majumbani. Basi tofauti iko wapi? Kwa yule mvuvi aliyekosa riziki ya siku moja hapana tofauti hata kidogo, kwani mkutano wake umeondolewa na mtu ambaye hakumwuliza.

Hoja ya kwanza ya wale wanaomtetea mwenyekiti ni kwamba yeye ndiye aliyeuitisha, na aliyeita aweza kuwarudisha aliowaita. Hoja hii yadanganya wengi kwa kuwa yafanana na akili. Lakini muadhini naye huita watu. Hupanda, huadhini, na watu huacha kazi zao wakaja msikitini. Je, kuna mtu atakayesema kwamba kwa kuwa muadhini ndiye aliyeita, basi sala ni yake, na akipenda aweza kutoka nje na kutangaza kwamba adhuhuri ya leo imefutwa? Muadhini amepewa kazi ya kuwajulisha watu wakati ambao hakuuweka yeye, na kwa jambo lisilokuwa lake. Mwenyekiti naye ni hivyo hivyo. Katiba ya chama ndiyo inayosema mkutano mkuu ufanywe kila mwaka, au kila miaka mitano, au wakati wowote wanachama kadhaa wakiutaka. Mwenyekiti na katibu wake ni watu wa kupeleka habari. Mwenye mkutano ni mwanachama.

Tena tangazo la mkutano ni ahadi, na ahadi ni deni. Mkopaji hana uwezo wa kulifuta deni lake mwenyewe. Mwenye uwezo huo ni mdai. Hapa mdai ni nani? Ni wanachama. Wao wakikutana na kusema kwa kura zao kwamba leo hatutaendelea, turudi Jumapili ijayo, neno lao limekwisha. Lakini mtu mmoja akisema kwa niaba yao, bila ya kuwauliza, amejisamehe deni ambalo ni la wengine.

Turudi Mlowo, kwa sababu jambo hili si la siasa peke yake. Katika nchi ile ya kahawa mkulima huishi na chama chake cha ushirika. Chama ndicho kinachopokea kahawa yake, ndicho kinachopima, ndicho kinachomkata gharama, na ndicho kinachomwambia malipo yake ni kiasi gani. Mkulima mmoja mmoja hana njia ya kuingia katika vitabu vya mhasibu kila siku. Njia aliyonayo ni moja tu, nayo ni mkutano mkuu wa wanachama, ambao Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeufanya kuwa mamlaka ya juu ya chama, juu ya bodi na juu ya mwenyekiti wake. Katika mkutano huo mwenye miche mia ana kura moja na mwenye miche elfu ana kura moja. Hapo ndipo anapouliza: tulipeleka kilo ngapi, tuliuza kwa bei gani, makato haya ni ya nini?

Sasa na afutiwe mkutano huo. Hapana senti moja iliyoibiwa siku hiyo, wala hapana kitabu kilichochomwa. Mwenyekiti ataapa kwamba hakufanya ubaya wowote, amesogeza tu kikao. Lakini msimu utapita, kahawa nyingine itavunwa juu ya hesabu za kahawa ya kwanza, karani aliyeandika atahama, stakabadhi zitapotea, na swali lililokuwa na jawabu mwezi wa Juni litakuwa halina jawabu mwezi wa Disemba. Hivyo ndivyo mkutano uliofutwa unavyokula fedha za watu bila ya mkono wa mtu kuonekana mfukoni. Na lililo kweli juu ya kahawa ya Mbozi ni kweli juu ya michango ya matawi yetu ya Unguja, na ni kweli juu ya mfuko wa kuzikana wa mtaa wowote wa Pemba.

Tuseme wazi kwamba mikutano haifutwi ovyo ovyo. Mkutano wa kumkaribisha mgeni haufutwi. Mkutano wa kumpongeza mwenyekiti haufutwi hata mvua ya masika ikinyesha kwa ndoo. Mikutano inayofutwa ni ile yenye mambo matatu: hesabu, uchaguzi na maswali. Basi mwanachama akisikia kwamba mkutano umefutwa, asipoteze wakati kuuliza hali ya hewa. Na asome ajenda.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wapo wanaodhani kwamba haya ni maneno ya jukwaani tu. Mwaka 1906 mahakama moja mjini London ilisikiliza kesi ya Smith na kampuni ya Paringa Mines. Wakurugenzi wa kampuni hiyo walikuwa wameitisha mkutano wa wenye hisa kwa njia iliyo sawa, kisha wakatangaza kwamba wameuahirisha. Baadhi ya wenye hisa walikataa. Wakafika siku ile ile ya kwanza, wakakaa, wakafanya uchaguzi. Wakurugenzi wakadai kwamba hapakuwa na mkutano. Hukumu ikawa kwamba kanuni za kampuni hazikuwapa wakurugenzi uwezo wa kuuahirisha mkutano uliokwisha kuitishwa, na kwa hiyo mkutano ulikuwa halali na yaliyoamuliwa ndani yake yalikuwa halali. Kabla ya hapo, mwaka 1894, katika kesi ya National Dwellings Society na Sykes, mwenyekiti aliyeona mambo yanamwendea kombo alitangaza kwamba mkutano umekwisha, akaondoka. Waliobaki wakamchagua mwenyekiti mwingine wakaendelea. Jaji akasema kwamba mwenyekiti hana uwezo wa kuuvunja mkutano kwa kupenda kwake kabla shughuli haijamalizika, na akiondoka, mkutano una haki ya kumweka mwingine katika kiti kile.

Mtu atasema: hizo ni kesi za Wazungu wenye hisa, zina nini na mkulima wa Mlowo? Zina jambo kubwa. Sheria ya Tanzania Bara yenyewe imepokea misingi ya sheria ya Kiingereza iliyojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria za nchi hazikusema neno na kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Kesi hizi mbili, ya 1894 na ya 1906, zilikuwa zimekwisha kuamuliwa kabla ya tarehe hiyo. Mkoloni alipotuletea sheria yake alituletea ya kutufunga, lakini katika kifurushi kile kile mlikuwa na ya kuwafunga viongozi. Ajabu ni kwamba ile ya kutufunga sisi viongozi wetu waijua kwa moyo, na hii ya pili hawapati kuisikia.

Hatusemi kwamba mwenyekiti hana lolote. Sisi si watu wa fujo. Nahodha akiona tufani mbele yake ana haki ya kuchelewesha safari, na abiria mwenye akili humshukuru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilisikilizwa huko huko Uingereza kesi ya John na Rees, iliyohusu tawi la chama cha Labour katika sehemu za Pembroke. Humo ilielezwa kwamba mkutano ukichafuka kwa fujo mwenyekiti aweza kuuahirisha, lakini kwa masharti: awe na nia njema, ahirisho lisizidi muda ulio lazima, na lisiwe hila ya kuzuia shughuli. Msingi huo watutosha. Ukizuka ugonjwa wa kuambukiza, ukumbi ukiungua, pakitokea msiba mkubwa, chombo kisipoweza kuvuka kutoka Pemba kwa dhoruba, na mkutano usogezwe. Hapana mwanachama atakayenung'unika, ili mradi atajiwe sababu na atajiwe siku.

Lakini kuahirisha bila ya siku ni kufuta kwa jina la adabu. Sisi wa visiwa twalijua hilo kuliko watu wengine. Mwezi wa Julai 1963 Wazanzibari walipiga kura. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tuliambiwa kura zingoje. Tulingoja hadi mwaka 1980. Mtoto aliyezaliwa katika mwaka ule wa 1963 alikuwa mtu mzima mwenye kidevu siku kura iliporudi, kwa kuwa hapana aliyetaja siku. Kusubiri kusiko na tarehe hakuna mwisho.

Na ikiwa kuna mtu ambaye bado haamini kwamba mtu mmoja mwenye cheo cha mwenyekiti aweza kuwafutia maelfu shughuli yao, na akumbuke tarehe 28 Oktoba 2015. Siku tatu kabla, tarehe 25, tulipanga foleni tangu alfajiri. Kura zikapigwa, zikahesabiwa vituoni, matokeo yakaanza kutangazwa. Kisha marehemu Jecha Salim Jecha, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, akatokea katika televisheni akasema kwamba uchaguzi umefutwa. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 yataka kila uamuzi wa Tume uungwe mkono na wajumbe walio wengi. Je, ni mkutano gani wa Tume uliokaa na kupiga kura ya kufuta? Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile, katika vituo vile vile, na watu wale wale, zilikubaliwa na mshindi akatangazwa. Zilizofutwa ni zile za Zanzibar. Uchaguzi wa marudio ukafanywa tarehe 20 Machi 2016, chama kikuu cha upinzani wa wakati huo, CUF, kikaususia, na Dakta Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4.

Tuliita jambo hilo dhulma, na mpaka leo twaliita dhulma. Sababu tuliyoitoa ilikuwa nini? Tulisema: Mwenyekiti si Tume. Neno hilo lilikuwa midomoni mwetu sote, kutoka Nungwi hadi Mkoani. Basi na tuulizane kwa uaminifu. Ikiwa Mwenyekiti si Tume, je, mwenyekiti ni tawi? Mwenyekiti ni jimbo? Mwenyekiti ni chama? Hatuwezi kuwa na sheria mbili, moja ya kumpimia aliyetudhulumu na nyingine ya kujipimia wenyewe. Mwenyekiti wa tawi letu anayefuta mkutano wa uchaguzi usiku wa Ijumaa anafanya kwa kiasi kidogo lile lile lililofanywa kwetu kwa kiasi kikubwa, na mwenye kulizoea dogo hana ulimi wa kulikataa kubwa.

Kuna somo jingine lililo karibu zaidi na nyumbani. Tarehe 21 Agosti 2016 Mkutano Mkuu maalumu wa CUF uliitishwa mjini Dar es Salaam ili uamue juu ya kujiuzulu kwa Profesa Ibrahim Lipumba, ambaye aliacha uenyekiti mwezi wa Agosti 2015, kisha mwaka 2016 akaandika kuitengua barua yake. Mkutano ule uliingia katika vurugu na ukavunjika. Hatutaki leo kurudia ugomvi wa nani alikuwa na haki. Wengi wetu tuliumizwa nao na wengine wamekwisha kusameheana. Twataka mtazame kilichofuata. Mkutano uliposhindwa kumaliza shughuli yake kwa amani, uamuzi ulitoka mikononi mwa wajumbe. Kwanza ulikwenda ofisini kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ambaye mwezi wa Septemba 2016 alimtambua Profesa Lipumba. Kisha ukaenda mahakamani, ukakaa huko hadi tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilipotoa hukumu. Siku hiyo hiyo marehemu Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake wakaingia ACT-Wazalendo. Jambo ambalo wajumbe wangelimaliza kwa siku moja lilichukua miaka miwili na nusu, na likamalizwa na watu wasiokuwa wanachama.

Kwa hivyo mwenyekiti anayefuta mkutano asidhani kwamba amejiwekea uamuzi mkononi mwake. Amewapa wengine. Amempa Msajili, amempa jaji, amewapa wanaotutakia mabaya. Chama ambacho wanachama wake hawakutani hakina pa kusuluhishia ugomvi wake, na ugomvi hauondoki kwa kukosa mahali pa kusemewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wapo viongozi waliokabili mikutano iliyokuwa na moto. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikwenda Tabora wakiwa na hasira ya kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere alikuwa na rai nyingine, na alijua kwamba chama chaweza kupasuka. Mkutano ulifanywa. Akazungumza, wakabishana, akawavuta wajumbe upande wake. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Ndiyo, mkutano ule ulikuwa na gharama. Lakini TANU ilitoka Tabora na uamuzi ulio wa wanachama wake, ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na karibu miaka minne baada ya Tabora, mwaka 1961, Tanganyika ikawa huru.

Na turudi kwa Bwana Mbowe yule yule tuliyeanza naye. Miezi miwili baada ya kukamatwa Songwe, Chadema ilikuwa na mkutano mkuu wake mjini Dar es Salaam. Bwana Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu mwaka 2004. Mpinzani wake alikuwa Makamu wake mwenyewe, Bwana Tundu Lissu, na kampeni zao zilikuwa kali hata watu wakahofu chama kitavunjika. Sababu za kusogeza mbele hazingekosekana kwa mwenye kuzitafuta: usalama, umoja, fedha, mwaka wa uchaguzi. Mkutano ulifanywa tarehe 21 Januari 2025. Kura zilipohesabiwa, Bwana Lissu alipata 513 na Bwana Mbowe 482, tofauti ya kura 31. Asubuhi ya pili Bwana Mbowe akakubali matokeo na kumpongeza mwenzake. Sisi si Chadema, na tuna mengi ya kutofautiana nao. Lakini haki ya mtu ni haki. Mwenyekiti aliyezuiwa mkutano na polisi katika nchi ya Mbozi hakuwazuia wajumbe wake kukutana, ingawa mkutano huo ndio uliomwondoa kitini. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ndugu wanachama, gazeti lisiwe la kulalamika tu. Twataka mambo manne, na twawaomba kila tawi la Unguja na Pemba liyajadili na kuyapeleka juu kwa maandishi.

La kwanza, katiba na kanuni zetu ziseme wazi kwamba mkutano uliokwisha kutangazwa haufutwi na mtu mmoja. Ukisogezwa, usogezwe na kamati nzima kwa kura, sababu iandikwe, na ibandikwe ubaoni pale pale lilipobandikwa tangazo la kwanza.

La pili, kila ahirisho litaje siku, saa na mahali pa mkutano mpya, na siku hiyo isizidi siku thelathini. Ahirisho lisilo na siku lihesabiwe kuwa halipo, na wanachama wafike siku ya kwanza kama walivyoitwa.

La tatu, mwenyekiti asipofika, au akiondoka kabla ya shughuli kumalizika, makamu wake akalie kiti. Na kama makamu naye hayupo, wanachama wamchague mmoja wao. Kiti kisiwe na mtu aliyezaliwa nacho.

La nne, wako wasiothubutu kuufuta mkutano, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaambia jamaa zao wasiende ili akidi isitimie. Hila hii ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu haina sahihi ya mtu. Kiongozi atakayethibitika kuifanya ajibu mbele ya mkutano ule ule alioukimbia.

Tutaambiwa kwamba kwa kuyaandika haya tumewapa maadui zetu silaha. Jawabu letu ni kwamba silaha wanayo tangu zamani, nayo ni udhaifu wetu. Sisi twataka kuwanyang'anya. Tutaambiwa pia kwamba mwenyekiti fulani ni mtu mwema, amefungwa kwa ajili ya chama, amepigwa, amefukuzwa kazi. Hayo ni kweli kwa wengi wao, na Mungu awalipe. Lakini hatutungi kanuni kwa kumtazama mtu mwema aliyepo leo. Twazitunga kwa ajili ya yule tusiyemjua atakayekuja kesho. Na mtu mwema hapungukiwi na kitu kwa kanuni njema, kwani yeye huitimiza hata kabla ya kuandikwa.

Kwa hivyo mkutano ukitangazwa, nenda. Ukisikia umefutwa, uliza kwa sababu gani, na nani aliyeamua, na siku mpya ni lini. Ukikosa jawabu la maswali hayo matatu, nenda vile vile, uchukue na mwenzako, na uchukue nakala ya tangazo mkononi. Mtakaowakuta huko ndio chama. Penye wengi hapaharibiki neno.

UMOJA, HAKI NA AHADI ILIYOTIMIZWA.